Pacha wa Athumani Mdoe

Habari ya kifo cha Athumani Mdoe iliwahi kufika Kituo cha Kwembago kuliko hata ilivyowafikia ndugu zake. Ilikuwa asubuhi, wauguzi wakipokezana zamu, na kwenye Chumba cha Mapacha taa ya kijani iliyokuwa juu ya kasha lake ikageuka nyekundu. Ushanga uliofukiwa chini ya ngozi ya mkono wake, huko alikokuwa, ulikuwa umeacha kusikia mapigo ya moyo. Ndani ya kasha, kipande cha utumbo wake chenye upana wa kiganja cha mtoto kiliendelea kunywa maji yake ya asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea.

Punde simu ikalia. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkarafuu, shambani kwake, akichuma. Mtu aliyeponyoka kwenye homa ya kijani, ugonjwa uliokuwa ukiwapukutisha watu bonde zima, ameuawa na tawi bovu.

Mwantumu Semkiwa, daktari mkuu wa kituo, alisema Innalillahi, akavuta kiti akakaa mbele ya lile kasha. Hakuwa mtu wa kubabaika. Wauguzi wake walipenda kusema kwamba Daktari akikuta nyumba inaungua, atauliza kwanza bomba la maji liko wapi, kisha ndipo atauliza nani aliyeacha jiko linawaka.

Watu wa Kwembago walimwita Mama Pacha, na jina hilo alilipenda kuliko vyeti vyake vyote. Ni yeye aliyeleta mapacha katika safu zile za milima. Zamani mtu akiumwa alikunywa mizizi na magome kwa kubahatisha: huyu kikombe kimoja kikamwinua kitandani, jirani yake kikombe kile kile kikampeleka kaburini, na wa tatu akanywa sufuria nzima asitokwe hata na jasho. Wakasingiziana uchawi. Kumbe dawa ya kunywa haiponyi kwa kuwa imefika tumboni. Inaponya ikishavuka ukuta wa utumbo, na ukuta huo ni mlinzi wa geti mwenye kisirani. Kingine anakipitisha, kingine anakikamata mlangoni na kukirudisha kilikotoka. Kinachopita kinabebwa na damu moja kwa moja hadi kwenye ini, na ini nalo lina mapanga yake, linamkatakata kila mgeni. Kinachosalia hapo ndiyo dawa, na hakuna watu wawili wanaosaliwa na kiasi kimoja.

Ndiyo maana kituo kilichukua chembe za mtu mwenyewe, kikakuza kutokana nazo kipande cha utumbo wake na punje ya ini lake, kikaviweka kwenye kasha lenye joto la mwili. Huyo ndiye pacha. Ukija na gome lako, pacha wako anadondoshewa kwanza, mashine inasoma kilichovuka, kisha unaambiwa: wewe kikombe nusu, usizidishe. Tangu hapo watu waliacha kufa kwa dawa zao wenyewe.

Chumba cha pili kutoka hapo alilala Kibibi Mdoe, mdogo wake Athumani, baba mmoja mama mmoja. Homa ya kijani ilikuwa imemfikisha pabaya. Macho yalishabadilika rangi, na muuguzi wa zamu alisema wazi kwamba wakichelewa hadi kesho watakuwa wanamtibu maiti. Vidonge vya kiwandani vilishagonga mwamba. Kilichobaki ni gome la mnyangwe, na mnyangwe hauna mzaha: ukipungua haufanyi kitu, ukizidi kidogo unaangamiza ini.

Kati ya wote waliounywa bondeni, aliyepona akarudi kupanda miti alikuwa Athumani peke yake. Kituo kilimpima pacha wake hadi wapimaji wakachoka. Kila wakimdondoshea maji ya mnyangwe, kinachovuka ni kidogo cha kudharauliwa. Lakini mtu mwenyewe alikuwa mzima, anatembea, anacheka. Wakaandika kwamba ana utumbo wa ajabu, wenye njia zake za polepole, na Mwantumu akapanga kumwomba amwazime pacha wake kwa siku nne ili amtafutie dada yake kipimo. Ndugu wa tumbo moja hufanana hata matumbo. Pacha wa mtu baki angetoa jibu la mtu baki. Athumani alikuwa aje leo hii kutoa idhini.

Kibibi mwenyewe hakuwa na pacha wa maana. Miaka yote alikuwa akiwacheka wenzake. "Tumbo langu moja linanishinda kulilisha," alikuwa akisema sokoni, "nikafuge na la pili?" Alijiandikisha alipoanza kuumwa, na pacha wake bado alikuwa kitu kidogo kilichojikunja, hakijafunguka.

Na sheria ilikuwa haina kona. Pacha ni wa mwenyewe. Hakuna wa kumwazima kwa niaba yake, si mume, si mtoto, si daktari. Mwenyewe akifa, pacha anakatiwa maji saa ile ile na kuzikwa naye. Sheria hiyo aliitunga Mwantumu, akaipigania kwenye baraza la bonde mpaka sauti ikamkauka, baada ya kugundulika kiwanda fulani kilichokuwa kimewaweka hai mapacha wa marehemu kwa miaka, kikiwalisha vitu ambavyo hata mbwa asingepewa, na ndugu zao wakiendelea kusoma hitima bila kujua.

Mkono wa Mwantumu ulikuwa tayari kwenye bomba la maji. Kugeuza tu, basi. Aliuondoa.

Alilihamishia kasha kwenye betri, akajitanda kanga, akamwita muuguzi. "Naenda msibani. Huyu naenda naye."

"Akiwa hai, Daktari?"

"Akiwa hai. Mtu akiuliza, mwambie aliyevunja sheria ni mimi, na nimeivunja nikiwa na akili zangu timamu." Akapita kwanza chumbani kwa Kibibi. Alikuwa amelala, midomo imekauka. Ndugu walishapiga simu kuomba asiambiwe lolote kuhusu kaka yake mpaka apate nguvu.

*

Uani kwa Athumani mikeka ilishatandikwa. Wanawake walikuwa wakimenya vitunguu, wengine wakikuna nazi za wali wa msiba, na wanaume wamekaa upande wa barazani wakiongea kwa sauti ya chini. Mzee Mbelwa, baba mdogo wa marehemu, alimpokea Mwantumu na kumweleza kwamba maiti imeshaoshwa, jeneza litatoka kwenda msikitini adhuhuri. Aliliona kasha begani kwake, akaliangalia mara mbili, ila hakuuliza.

Mjane alikuwa chumba cha ndani, ameegemea ukuta. Bi Mwanaheri alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na siku ile macho yake yalikuwa makavu pia.

"Shikamoo, dada. Pole sana na msiba."

"Marahaba, Daktari. Nimeshapoa." Macho yake yakatua kwenye kasha. "Huyo ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Mbona nasikia anaunguruma? Hamjamzima?"

Mwantumu aliketi mkekani, akaliweka kasha kati yao. Hakuzunguka mbuyu. Alimweleza hali ya Kibibi, akamweleza kuhusu mnyangwe na kipimo ambacho hakuna mwingine awezaye kukitoa, akaomba siku nne.

Mwanaheri alisikiliza mpaka mwisho. "Kibibi ni wifi yangu," alisema. "Kila Idi ananisema pishi langu, na mimi namsema domo lake. Akifa sina tena wa kugombana naye. Kwa hiyo usije ukadhani namfanyia chuki."

"Sidhani hivyo."

"Lakini mume wangu yuko chumba cha pili, ameshavikwa sanda. Unataka tumpeleke kaburini, na tumbo lake libaki kwenu linakunywa magome? Nikiulizwa mumeo yuko wapi nijibuje? Nusu kaburini, nusu kituoni?"

"Bila yeye sina kipimo, dada."

"Na kesho utakuja na mgonjwa mwingine ambaye bila maiti fulani huna kipimo. Kila mgonjwa ana sababu yake, Daktari, na zote ni za kweli. Ukimpisha mmoja umewapisha wote."

Mwantumu aliyatambua maneno hayo. "Hayo niliyasema mimi barazani."

"Uliyasema. Nilikuwepo, nikakupigia vigelegele. Leo unataka nivimeze?"

Mwantumu hakuzoea kushindwa kwa hoja, na kushindwa kwa hoja yake mwenyewe kulikuwa kitu kipya kabisa. "Umeshinda," alisema. "Nipe kipande cha sanda na kafuri. Namzima sasa hivi, nikukabidhi azikwe naye."

Mjane alimpa. Mwantumu akatoka uani, akitafuta pembe iliyotulia, kafuri ikimnukia viganjani.

*

Pembe iliyotulia haikuwepo, kwa sababu Nyamizi alikuwa ameanza.

Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, mtani wa marehemu, na mtani msibani hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo. Alikuwa amevaa kofia ya Athumani na shati lake, anatembea uani kifua mbele na mikono nyuma, vile vile kama Athumani alivyokuwa akikagua karafuu zake, na watu waliokuwa wakilia walikuwa sasa wameshika mbavu.

"Mkarafuu wenyewe mwembamba kama fimbo ya kapera," Nyamizi alinguruma kwa sauti nzito ya marehemu, "lakini nimeona nikapumzike juu yake. Chini kuna mke!"

Watu wakaangua kicheko. Nyamizi akavuta kigoda, akakaa, akashika kikombe kitupu. Akakinusa. Akakunja uso mpaka pua ikapotea. Sasa alikuwa Athumani mgonjwa, Athumani wa mwaka jana na dawa yake. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Mama Pacha hayupo?"

"Hayupo!" waliitikia, hali wakimwona amesimama pale pale na kasha lake.

"Mwanaheri! Lete dawa ya dawa!"

Akanyakua bakuli la tui kutoka kwa wale wakunaji wa nazi, akajifanya analimimina kikombeni, anamimina tu, hata yule mwenye bakuli akampigia kelele asimwage. Akanywa kwa mkupuo, akapangusa masharubu asiyokuwa nayo, kisha akasimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu na kutoa macho ya unyenyekevu. "Maji matupu, Daktari! Wallahi, maji matupu na tumbo tupu!"

Hata Mzee Mbelwa alicheka. Mwantumu naye alicheka, maana Athumani alikuwa akimjibu vile vile, kwa sauti ile ile, kila alipokuja kituoni. Halafu macho yake yakarudi kwenye lile bakuli.

Tui. Mafuta.

Kitu kinachopenda mafuta hakiendi na maji. Ukikipeleka na maji, mlinzi wa geti anakirudisha, na kidogo kinachoponyoka kinakutana na mapanga ya ini. Lakini chakula chenye mafuta kikiingia, nyongo inakivunja kuwa matone madogo mno, na ule ukuta wenye kisirani unayapokea kwa heshima. Unayafunga ndani ya vijifuko na kuyapitisha mlango mwingine, kwenye mishipa myeupe isiyopitia kwenye ini kabisa. Mishipa hiyo inapanda kifuani na kumwagia mzigo wake kwenye damu karibu na shingo. Dawa iliyojificha ndani ya mafuta inasafiri nayo, nzima, bila hata kuguswa.

Kila kasha la pacha lilikuwa na mabomba mawili ya kutokea. Jekundu kwenda kwenye punje ya ini, na jeupe kwa ajili ya mishipa ile myeupe. Tangu kituo kifunguliwe, bomba jeupe la kila pacha lilikuwa kavu, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kila kipimo kilifanywa kwa maji safi. Mwantumu mwenyewe ndiye aliyeagiza yaandikwe ukutani kwa herufi za kusomeka toka barabarani: dawa ni kwa maji safi, tumbo likiwa tupu. Alitaka watu waache kuchanganya dawa na kila wanachokiona jikoni.

Athumani hakuwa na utumbo wa ajabu. Alikuwa na mke na nazi.

Na wale wengine waliokufa walikuwa wametii. Hilo lilimuuma Mwantumu, likamuuma kweli kweli, akaliacha limuume huku akiendelea kufikiri, maana Kibibi alikuwa bado hai. Sasa Mwantumu hahitaji siku nne za kupapasa gizani. Anahitaji kikombe kimoja, na muda wa kuchemsha chai. Pacha ni mwembamba, na mashine humsukuma afanye kazi ya nusu siku kwa dakika chache. Chupa ya mnyangwe ilikuwa mkobani. Bakuli la tui lilikuwa mbele yake. Watu wote walikuwa wanamtazama Nyamizi. Angeweza kwenda nyuma ya jiko, akamaliza, akamzima pacha, akamfunga sanda, na mjane asingejua mpaka kufa kwake. Nani angedhurika?

Alilitazama bakuli. Mwanaheri alikuwa amesema hapana. Kama hapana yake inafaa tu pale Daktari anapokubaliana nayo, basi ile sheria ilikuwa mapambo, na yule mwenye kiwanda alikosea kitu kimoja tu, nacho ni kukamatwa. Mwantumu aliligeuzia bakuli mgongo, akarudi ndani.

*

"Dada, alikuwa anakunywa na tui?"

Mwanaheri alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Nyamizi."

Mjane aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yalianza kumtikisika, na kwanza ilikuwa kicheko, kisha machozi ya kwanza ya siku ile yakamtoka. "Yule mwanamke hana siri," alisema. "Tui la kwanza, zito. Nilimkamulia mwenyewe, la sivyo angeimwagia migomba. Akaniapisha nisikwambie. Alikuogopa wewe kuliko polisi, Daktari."

"Hilo tui ndilo lililomponya. Mimi ndiye niliyekosea, tena kwa muda mrefu." Mwantumu aliketi. "Sikuja kukuomba upya. Ulikataa, na kukataa kwako kunasimama. Nimekuja kukueleza kilichobadilika, kwa kuwa ni haki yako kujua. Siku nne hazina kazi tena. Sasa ni kikombe kimoja, hapa hapa nyumbani kwake, kabla jeneza halijainuliwa. Kisha anazimwa, na mumeo anazikwa kamili."

"Na sheria?"

"Nitakuwa nimeivunja tu. Kesho nitasimama barazani niwaambie mwenyewe, na wakinivua kazi watakuwa na haki."

"Nikisema hapana?"

"Namzima. Ulichomkamulia mumeo hakuna aliyekipima, kwa hiyo Kibibi nitampa kwa kubahatisha, kama walivyokuwa wakipewa zamani. Huenda akapona, huenda nikamuua. Na wewe sitakulaumu, hata moyoni."

Mwanaheri alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukinunua. Nje, Mzee Mbelwa alikohoa mlangoni. "Mama, wanaume wako tayari."

"Wasubiri," alisema Mwanaheri. Kisha kwa Mwantumu: "Kikombe kimoja."

"Kimoja."

"Basi hutampa wewe. Dawa hiyo nimemnywesha mwezi mzima, ananikimbia uani mtu mzima na ndevu zake. Nitampa mimi. Na kumzima, nitamzima mimi. Na ifanyike mbele ya watu, asije mtu akasema Mwanaheri aliuza tumbo la mumewe kichochoroni."

Alitoka uani kwa hatua za mwenye nyumba. Akachukua kifumbu, akakijaza nazi iliyokunwa, akakamua tui zito kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mwantumu alipima mnyangwe na kumimina, akaandika kiasi. Nyamizi alivua kofia. Mzee Mbelwa aliwaeleza watu kwa maneno machache kinachofanyika na kwa ajili ya nani, na mwanamume mmoja aliyeanza kunung'unika alitazamwa na mjane, akanyamaza.

Mwanaheri alipiga magoti mbele ya kasha, akadondosha dawa polepole. "Bismillahi," alisema. "Kunywa, baba. Leo usikimbie."

Bomba jekundu lilileta kile kidogo cha siku zote. Bomba jeupe lilikuwa kavu. Mwantumu alilitazama bila kupepesa, akijua kwamba yuko sawa, na akijua vile vile kwamba miaka yote alikuwa amejua hivyo hivyo kuhusu maji safi. Mahali fulani jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga kwa mvuke. Kisha ukungu mweupe, mwembamba kama uzi, ukachungulia mwanzoni mwa bomba, ukapanda.

"Anameza," Mwanaheri alisema kwa sauti ndogo.

Namba za mashine zilipanda na zikaendelea kupanda. Kiasi alichokuwa Mwantumu amemkusudia Kibibi, kile cha kubahatisha, kingemuua kabla ya magharibi kama angekinywa na tui. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo sana, hakijazi hata kikombe cha kahawa. Alizisoma namba mara mbili, akaitikia kwa kichwa kumwashiria mjane.

Mwanaheri aligeuza bomba. Muungurumo ukakoma. Mwantumu alimtoa pacha kwenye kasha, na kwa pamoja wakamnyunyizia kafuri, wakamfunga kwenye kile kipande cha sanda, na mjane akamkabidhi Mzee Mbelwa aende amweke mahali pake, juu ya tumbo la mwenyewe.

"Haya," alisema. "Sasa mchukueni."

*

Kibibi alikuwa macho. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa dirisha na kukalia shuka lake. Alikigeuzia jicho kikombe kidogo mkononi mwa Mwantumu, na hata pale alipofikia, domo lake lilikuwa halijafa.

"Mbona cheupe? Mama Pacha leo anatoa dawa kwa tui? Si mlituandikia ukutani?"

"Nitaufuta huo ukuta. Inuka kidogo, nikuegemeze."

Alimpitishia mkono mgongoni na kumsogezea kikombe. Kibibi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hakuwa amenusa dawa. Alikuwa amenusa mkono.

"Unanukia kafuri," alisema.

Mwantumu alikisogeza tena kikombe karibu na mdomo wake.

"Nani?"

Angeweza kusema ni mgonjwa wa wodi nyingine. Ndugu walishaomba, na uongo wa namna hiyo wagonjwa wote huambiwa, na wengi hushukuru baadaye. Lakini aliona kwamba dawa hii ilitoka mahali fulani na mtu fulani aliitolea kibali kwa uchungu, na anayeinywa hakustahili kuinywa kama kipofu.

"Nani, Mwantumu?" Kibibi alimwita kwa jina lake, bila udaktari.

"Kaka yako. Asubuhi, juu ya mkarafuu. Hakuteseka." Akaendelea kabla uso ule haujavunjika. "Kipimo hiki amekitoa yeye, Kibibi. Tumbo lake ndilo lililokionja. Wifi yako amemnywesha kwa mkono wake kabla hawajamtoa."

Kifua cha Kibibi kilianza kupanda. Mwantumu alimkamata bega.

"Nisikilize. Ukinywa ukalia, utatapika. Ukitapika sitajua kilichobaki ndani ni kiasi gani, na kuongeza siwezi. Hakuna kikombe kingine na hakuna wa kunipimia kingine."

Kibibi alikitazama kikombe. Alikishika mwenyewe kwa mikono miwili, akanywa taratibu, funda baada ya funda, akikunja uso kwa ule uchungu ambao tui halikuweza kuuficha wote. Alikinywa mpaka mwisho, akapitisha kidole ndani na kukilamba. Kisha akarudisha kikombe, akalala, akaweka viganja juu ya tumbo.

"Inachukua muda gani kupita?"

Mwantumu alitazama dirishani, akatazama sakafu. "Jua likitoka hapa kitandani likafika mlangoni, itakuwa imeshapita yote."

Kibibi aligeuza shingo, akaupima umbali huo kwa macho. Alimeza mate. Akameza tena.

"Basi vuta kiti ukae nami," alisema. "Likifika mlangoni, nitalia."